Kuvuka kijito Minnesota: kwa nini kibali cha serikali kuu kinasubiri karatasi ya jimbo

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi na mke wangu tumenunua ekari 12 kaskazini mwa Minneapolis. Upande wa barabara ya kaunti kuna bonde la majimaji na kijito ambacho hata Agosti hakikukauka. Sehemu kavu, ambako tunataka kujenga nyumba na kulima mchicha, sukumawiki na mnavu, iko ng'ambo. Tumefikiria kumwaga kifusi, kuweka kalvati, tupate njia ya gari. Niliwaandikia Wahandisi wa Jeshi, wakajibu kwamba huenda tukahitaji kibali chao, na kwamba kibali hicho hakitoki mpaka jimbo litoe uthibitisho wa ubora wa maji au liseme haliuhitaji. Nashangaa: serikali kuu ndiyo kubwa, inasubirije ruhusa ya jimbo? Jimbo likikataa, ndiyo basi? Nikisema ni barabara ya shamba tu, si nitakwepa yote hayo? Na jirani ananiambia nimwage tu, huku hakuna anayekuja."

Marahaba, mwanangu, na hongereni kwa kupata ardhi.

Nianze na la jirani, maana hilo ndilo linaloweza kukumaliza fedha mapema. Usimwage hata lori moja. Ni kweli hakuna askari anayezunguka mashambani kuhesabu vifusi, lakini picha za angani za maeneo hayo hupigwa mara kwa mara, na ofisa wa kaunti anaweza kulinganisha ya mwaka huu na ya miaka ya nyuma bila kuinuka kitini. Tuta jipya la changarawe katikati ya bonde la kijani halijifichi. Faini ya juu kabisa ya kiraia chini ya Sheria ya Maji Safi imepita dola 60,000 kwa siku kwa kila kosa. Mwenye kijito kimoja kwa kawaida hafikishwi huko. Kinachompata mara nyingi ni amri ya kuondoa kifusi na kurudisha bonde lilivyokuwa, kwa gharama yake, na kifusi kilichozama kwenye tope hakitoki kwa bei kilichoingilia.

Sasa tuje kwenye hoja yenyewe. Uthibitisho wa jimbo unaoulizia hausimami peke yake. Unafuata kibali cha serikali kuu. Pasipo na kibali hicho, hata uthibitisho haupo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza jimbo litasema nini, uliza kama bonde lako liko chini ya sheria ya serikali kuu.

Kibali kinachohusika hapa ni cha kifungu cha 404 cha Sheria ya Maji Safi ya 1972. Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi, ambacho watu wa kazi hii tunakiita Corps, ndicho kinachokitoa kwa yeyote anayetaka kuweka udongo, mawe au kifusi kwenye mito, vijito na ardhioevu zinazohesabika kuwa maji ya Marekani. Usiseme "lakini udongo wangu ni safi, sina kemikali." Sheria hiyo inataja mawe, mchanga na udongo kuwa vichafuzi, kwenye orodha ileile yenye maji taka. Kwa samaki anayetaga kwenye changarawe safi, tani tano za udongo mzuri wa bustani ni balaa.

Ni ardhioevu ipi inayohesabika? Hapo mambo yalibadilika tarehe 25 Mei 2023, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kesi ya Sackett dhidi ya EPA, shirika la serikali kuu la kulinda mazingira. Mume na mke walikuwa na kiwanja karibu na Priest Lake huko Idaho, wakakijaza kifusi ili wajenge nyumba, wakavutana na EPA kwa miaka mingi, wakashinda. Tangu hapo, ardhioevu iko chini ya serikali kuu ikiwa tu imeungana juu ya ardhi, bila kukatika, na maji yenye kudumu kwa kiasi fulani, kama mto, ziwa au kijito kisichokauka ovyo. Dimbwi lililojitenga katikati ya shamba limetoka mikononi mwa Corps.

Ndiyo maana sentensi yako moja imenipa nusu ya jibu: hata Agosti hakikukauka. Kijito kinachotiririka katikati ya kiangazi, na bonde linalokigusa bila tuta wala mwinuko wa kulitenga, ningeanza nikidhani viko chini ya sheria, mpaka Corps wenyewe waseme vingine. Unaweza kuwaomba watoe uamuzi rasmi kuhusu mamlaka yao juu ya ardhi yako, na hawakutozi chochote.

Tuseme wamesema bonde si lao. Usishangilie mapema. Minnesota ina Sheria yake ya Hifadhi ya Ardhioevu ya mwaka 1991, ambayo haikuguswa na kesi ya Sackett, na inasimamiwa na kaunti, mji au idara ya hifadhi ya udongo na maji ya eneo lako. Utakuwa umekwepa karatasi ya serikali kuu na ule uthibitisho wa jimbo, lakini kaunti bado iko palepale.

Kuhusu barabara ya shamba, wazo lako si la kijinga. Sheria yenyewe ina msamaha kwa wakulima: kulima, kupanda, kuvuna, hata kujenga barabara za shamba, ikiwa barabara hiyo imejengwa kwa kufuata orodha ndefu ya masharti ya kulinda maji. Kasoro ni kwamba msamaha uliwekwa kwa ajili ya kilimo kinachoendelea, na barabara iwe ya kazi ya shamba. Wewe huna shamba bado. Una mpango wa shamba, na njia hiyohiyo itapeleka gari la familia nyumbani kila jioni. Juu ya hapo kuna kifungu kinachofuta msamaha pale kazi inapoigeuza ardhioevu kwa matumizi mapya na kuharibu mtiririko wa maji. Ukijaza fomu kwamba ni barabara ya shamba halafu mwezi unaofuata ukaomba kibali cha ujenzi wa nyumba kaunti hiyohiyo, karatasi mbili zitakutana mezani kwa mtu mmoja. Sema ukweli tangu mwanzo: ni njia ya nyumba na shamba.

Na kwa kuwa unataka kulima, jambo la pembeni: tangu sheria ya kilimo ya mwaka 1985, mkulima anayekausha ardhioevu ili apande mazao ya kila mwaka anaweza kupoteza misaada ya Wizara ya Kilimo ya Marekani. Kabla ya kuchimba mtaro wowote wa kutoa maji bondeni, pita ofisi yao ya kaunti uulize.

Haya, serikali kuu inasubirije jimbo?

Wewe umekulia Tanzania, ambako sheria ya mazingira ni moja kwa Bara nzima. Unajua ile ya kutofanya shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, unajua NEMC, baraza la mazingira, na mkoa haukai na viwango vyake vya maji vya kuizuia Dodoma. Marekani mambo hayako hivyo. Kila jimbo linajiwekea viwango vya ubora wa maji: mto huu ni wa samaki wa maji baridi, ule ni wa kunywa, ziwa lile ni la mpunga wa mwituni, na kila matumizi yana kipimo chake. Minnesota, kwa mfano, tangu mwaka 1973 ina kikomo cha miligramu 10 za salfeti kwa lita katika maji yanayootesha mpunga wa mwituni, chakula ambacho Waojibwe, kabila la asili la eneo hilo, wamekivuna huko vizazi na vizazi. EPA huvipitia na kuvikubali viwango hivyo, lakini mwenye navyo ni jimbo.

Shida iliyoonekana mwishoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa hii: mwenye bwawa au kiwanda anakuja na leseni ya serikali kuu mkononi, anachafua mto, jimbo likilalamika anaonyesha leseni. Seneta Edmund Muskie wa Maine, aliyetoka kwenye jimbo ambalo mito yake ilichafuliwa vibaya na viwanda vya karatasi, alisimamia sheria ya mwaka 1970 iliyoziba mwanya huo. Miaka miwili baadaye sharti hilo likaingizwa kwenye Sheria ya Maji Safi kama kifungu cha 401. Rais Nixon alikuwa ameikataa sheria hiyo. Bunge likaipitisha juu ya kura yake ya turufu Oktoba 1972.

Kifungu kinasema hivi kwa maneno ya kawaida. Anayeomba leseni au kibali chochote cha serikali kuu kwa kazi inayoweza kutoa kitu kuingia majini, lazima alete uthibitisho wa jimbo ambamo maji hayo yataguswa kwamba kazi itafuata viwango vya maji. Jimbo lina njia nne: kukubali, kukubali kwa masharti, kukataa, au kuachia. Likikataa, serikali kuu hairuhusiwi kutoa kibali. Likiweka masharti, masharti hayo yanageuka kuwa sehemu ya kibali cha serikali kuu kama vile Corps ndio walioyaandika.

Kwa hiyo jibu la "jimbo likikataa, ndiyo basi?" ni ndiyo, mpaka urekebishe mradi na kuomba upya, au upinge uamuzi, na mara nyingi huko kupinga kunaanzia kwenye vyombo vya jimbo lenyewe. Corps hawawezi kukwambia "tumeona jimbo limekosea, chukua kibali." Kukataa huko kumewahi kuangusha miradi mikubwa. Mwaka 2016 jimbo la New York liliunyima uthibitisho mradi wa bomba la gesi la Constitution, ambao tayari ulikuwa na idhini ya tume ya nishati ya serikali kuu. Mwaka 2017 jimbo la Washington likaunyima mradi wa bandari ya makaa ya mawe huko Longview, kwenye Mto Columbia. Majimbo ya Montana na Wyoming, yenye makaa ya kuuza Asia, yakakimbilia Mahakama ya Juu kulalamika. Mwaka 2021 mahakama ikakataa hata kuisikiliza kesi.

Masharti nayo yanaweza kwenda mbali kuliko mtu anavyodhani. Katika kesi ya mwaka 1994 kuhusu Mto Dosewallips, Washington ilidai kwamba bwawa la umeme liache kiasi fulani cha maji kitiririke mtoni kwa ajili ya samaki. Wenye mradi wakasema sheria ni ya ubora wa maji, wingi wa maji haiuhusu. Mahakama ya Juu ikawaambia mto usio na maji ya kutosha hauwezi kuwa wa samaki, kwa hiyo sharti linasimama. Mwaka 2006, katika kesi ya mabwawa ya Mto Presumpscot huko Maine, majaji wote wakakubaliana kwamba hata maji yanayopita tu kwenye bwawa na kuendelea na safari yake yanahesabika kuwa kitu kinachoingia mtoni. Mawakili wa mabwawa mpaka leo hawaipendi kesi hiyo.

Jimbo nalo limefungwa kamba moja, ambayo ni muda. Lazima liamue ndani ya kipindi cha kuridhisha kisichozidi mwaka mmoja tangu lipokee ombi. Likikaa kimya likapitisha muda, limeachia, na kibali kinaweza kutoka bila yeye. Majimbo na waombaji walizoea kuizungusha saa hiyo: ombi linakaribia mwaka, mwombaji analiondoa, analileta tena, saa inaanza upya. Kwenye mabwawa ya Mto Klamath, mpakani mwa California na Oregon, mchezo huo uliendelea kwa zaidi ya muongo, leseni ya zamani ikiwa imeshaisha tangu 2006. Watu wa kabila la Hoopa Valley, wanaoishi upande wa chini wa mto huo, wakachoka wakaenda mahakamani. Januari 2019 mahakama ya rufaa ya Washington, D.C. ikasema majimbo hayo yalikwisha poteza haki yao kwa kukubaliana na mwombaji kuchelewesha. Tangu hapo maofisa wa majimbo wanaiogopa kalenda. Wakikuomba maelezo zaidi, jibu upesi, maana ofisa anayeona muda unamkimbia na faili lina mapengo, njia salama kwake ni kukataa.

Kuna kipande kingine cha kifungu hiki ambacho wengi hukiruka, na mfano wake mzuri uko hapohapo Minnesota. Sheria inampa sauti pia jirani wa chini ya mto. Kama kazi inayofanyika jimbo moja itaathiri maji ya jimbo jingine, EPA inamjulisha huyo jirani, naye ana siku 60 kupinga na kudai kusikilizwa. Na makabila ya asili yaliyokubaliwa na EPA kusimamia maji yao yanahesabiwa kama majimbo.

Mgodi wa shaba na nikeli wa NorthMet, kaskazini-mashariki mwa jimbo, ulipata uthibitisho wa Minnesota mwishoni mwa 2018, na Machi 2019 Corps wakatoa kibali cha kuharibu zaidi ya ekari 900 za ardhioevu. Chini kabisa ya mtiririko huo, kwenye Mto St. Louis, ndipo ilipo ardhi ya Waojibwe wa Fond du Lac, ambao viwango vyao vya zebaki ni vikali kwa sababu watu wao wanakula samaki wa mto huo. Hawakuwa wamejulishwa kama sheria inavyotaka. Wakashtaki. Kibali kikasimamishwa mwaka 2021, mwaka uliofuata wakasikilizwa hadharani, EPA ikasema haioni sharti lolote litakaloufanya mradi ufuate viwango vya Fond du Lac, na Juni 2023 Corps wakakifuta kibali. Jimbo lilikubali, serikali kuu ilikubali, na bado jirani wa chini ya mto aliusimamisha mradi.

Hili linakuhusu kidogo tu, maana kalvati yako si mgodi. Lakini angalia ramani: kama kiwanja kimo ndani ya mipaka ya ardhi ya kabila, uthibitisho utatoka kwa kabila lenyewe au kwa EPA, hautatoka jimboni. Maeneo ya kaskazini mwa Minneapolis watu hununua ardhi bila kujua mpaka huo uko wapi.

Sasa turudi kwenye mradi wenu, ambako nina habari njema. Mambo haya makubwa ya kusubiri mwaka, mikutano na kesi, ni ya vibali vya mradi mmoja mmoja. Kwa miradi midogo Corps wana vibali vya jumla, vinavyotolewa kwa aina ya kazi na kudumu hadi miaka mitano: vivuko vya barabara, nyumba za kuishi, matengenezo. Kabla ya kibali cha jumla kuanza kutumika, jimbo huulizwa mara moja kwa niaba ya wote watakaokitumia. Likishatoa uthibitisho pamoja na masharti yake, mtu mmoja mmoja haombi tena. Kivuko chako kikiingia ndani ya kibali cha jumla ambacho Minnesota imeshakithibitisha, uthibitisho wako ulishatoka kabla hujanunua ardhi. Kazi yako ni kuyasoma masharti na kuyafuata. Jimbo linaweza pia kuwa limekataa kuthibitisha kibali fulani cha jumla, na hapo unarudi kwenye foleni. Kwa hiyo swali la kumwuliza ofisa wa Corps ni moja: "Mradi wangu unaingia kwenye kibali kipi cha jumla, na je, MPCA imekithibitisha?" MPCA ndiyo mamlaka ya jimbo ya kudhibiti uchafuzi, na ndiyo inayotoa uthibitisho wa 401 Minnesota.

Kinachoamua kama unaingia au huingii mara nyingi ni ukubwa wa eneo unalofukia. Vibali vingi vya jumla vya nchi nzima vinakomea nusu ekari, yaani kama mita za mraba 2,023, na kuanzia sehemu ya kumi ya ekari, takriban mita za mraba 405, maswali ya fidia, yaani kugharamia ardhioevu nyingine irudishwe mahali pengine, huanza kuwa mazito. Ofisi ya Corps ya St. Paul, inayosimamia eneo lako, ina vibali vyake vya jumla na vikomo vyake. Hapa ndipo watu hupima vibaya. Tuseme njia yako ina upana wa mita 5 juu na tuta lina kimo cha mita moja. Tuta likipewa mteremko wa mita mbili kila upande, chini tuta lina mita 9. Bonde likiwa na upana wa mita 40, umefukia mita za mraba 360, wakati kwenye fomu ungeandika 200. Kinachohesabiwa ni unyayo wa tuta. Ongeza bonde kidogo au tuta likue, na umepita mita 405.

Kwa hiyo kabla ya kupima kifusi, tafuta namna ya kutofukia. Utaratibu wa Corps na wa jimbo ni uleule: epuka kwanza, kisha punguza, fidia ije mwisho. Ofisa wa kwanza atakayesoma ombi lako atauliza kama kuna njia nyingine ya kufika sehemu kavu. Huyo jirani mwenye ushauri, ardhi yake inapakana na yako upande wa juu? Haki ya njia kupitia kona ya shamba lake, ikiandikwa na mwanasheria na kusajiliwa kaunti, inaweza kuwa rahisi kuliko kivuko, fidia na ucheleweshaji vikijumlishwa. Ikiwa hakuna pa kupita, vuka pale bonde linapobanwa, na vuka kwa pembe mraba. Ufupi wa mstari kutoka barabarani mpaka nyumbani haukusaidii kitu kama unalikata bonde kwa mshazari.

Utajuaje bonde linaanzia wapi? Si pale viatu vinapolowa. Mwite mpimaji wa ardhioevu, kazi yao hiyo, naye ataangalia vitu vitatu: mimea, udongo na maji. Atachimba shimo la kama nusu mita, atoe bonge la udongo, alivunje, alilinganishe na kitabu chenye vipande vya rangi. Udongo uliokaa majini muda mrefu hupoteza rangi yake, unakuwa wa kijivu, na kwenye njia za mizizi, ambako hewa ilipenya, utaona mistari ya kutu ya rangi ya chungwa. Pengine unanuka mayai viza. Sehemu nyingine huko kwenu atakuta mboji nyeusi tupu. Ndiyo maana mteremko ambao wewe unauona mkavu Septemba unaweza kuwa ndani ya mpaka: udongo unakumbuka maji ya Aprili. Bendera ndogo anazochomeka ndizo zitakazokuwa mpaka wa kila hesabu itakayofuata, zikishakubaliwa na Corps na kaunti.

Masharti utakayokutana nayo, mengi yanatoka kwa jimbo kupitia mlango huu wa 401 au kwenye vibali vyake vingine. Kalvati izamishwe chini ya usawa wa sakafu ya kijito ili samaki wasikute ngazi upande wa kutokea. Kalvati inayoning'inia juu ya maji ni ukuta kwao. Upana wake ufuate kijito kilichojaa, usifuate bomba lililokuwa la bei nafuu dukani. Kwenye bonde pana utatakiwa kuweka mabomba ya ziada pembeni ili maji ya bonde yasawazike pande mbili za tuta, la sivyo upande mmoja unageuka bwawa na mwingine unakauka. Uzio wa kitambaa wa kuzuia tope uwekwe kabla ya kazi kuanza. Usifanye kazi majini wakati samaki wanataga. Na ukichimbua jumla ya ekari moja au zaidi, nyumba na njia zikihesabiwa pamoja, utahitaji pia kibali cha jimbo cha maji ya mvua kwenye ujenzi. Hicho hakihitaji 401, kwa kuwa kimetolewa na jimbo lenyewe.

Kama mradi umezidi na lazima uombe kibali cha peke yako, kanuni ya EPA ya mwaka 2023 inakutaka uombe mkutano wa awali na MPCA angalau siku 30 kabla ya kuleta ombi la uthibitisho, isipokuwa wao waseme hauhitajiki. Corps na jimbo wakishindwa kukubaliana muda wa uamuzi, unakuwa miezi sita. Kanuni hii imekuwa ikivutwa huku na huku: ya 2020 ilibana majimbo, ya 2023 ikawarudishia nafasi, na mwaka 2025 EPA ikaanza tena kukusanya maoni kwa nia ya kuigusa. Siku utakayoomba, uliza kanuni ipi inatumika siku hiyo. Mimi ningeharakisha mradi mdogo uingie kwenye kibali cha jumla, nisiingie kabisa kwenye mvutano huo.

Minnesota ina fomu moja ya pamoja inayotumika kwa Corps, kaunti na MPCA. Irahisishe kazi yako, lakini usidanganyike: kumpelekea mmoja si kuwapelekea wote, na ombi la uthibitisho wa 401 linatakiwa lifike MPCA likijieleza hivyo, maana saa ya jimbo inaanza wao wakilipokea. Kaunti kwa upande wake ina siku 60 za kuamua tangu ombi kamili, ingawa inaweza kujiongezea. Fidia ya ardhioevu, ikihitajika, sehemu nyingi za jimbo ni ekari mbili kwa moja, na kwa kawaida unainunua kama salio kutoka kwa mtu aliyekwisha rudisha ardhioevu mahali pengine.

Mpigie simu kwanza ofisa wa udongo na maji wa kaunti yako, kabla ya kurudi kwa Corps. Mara nyingi yuko tayari kuja kutembea na wewe shambani, na atakuwa na ramani moja muhimu: itakayoonyesha kama kijito chako ni kijito kweli au ni mtaro wa kaunti uliochimbwa zamani ukanyooshwa. Vijito vingi vilivyonyooka Minnesota ni mitaro ya namna hiyo. Ukiwa mtaro, kuna mamlaka ya mifereji ya kaunti itakayotaka kukubali ukubwa wa kalvati. Ukiwa kijito kinachokusanya maji ya zaidi ya maili mbili za mraba, idara ya maliasili ya jimbo nayo ina kibali chake. Na mpimaji umtafute sasa, aje mimea ikiwa imeota. Ukingoja mpaka Novemba ardhi itaganda, mimea itakuwa imelala chini ya theluji, na wengi wao watakwambia urudi Mei.